Skyrim yenye Modi Mamia: Uliza Imefia Wapi Kabla ya Kuuliza Nani Kaiua

Anayecheza gemu la Skyrim kwenye kompyuta na kulijaza modi, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji wenyewe, hufika siku ambayo gemu linajifunga lenyewe bila hata ujumbe wa kosa, na wengi jambo la kwanza wanalolifanya ni kumsaka mshukiwa. Modi iliyosakinishwa mwisho inafutwa, gemu linajifunga tena, inafutwa nyingine, na usiku unapoingia orodha imebaki nusu huku tatizo liko palepale. Kwa maoni yangu, swali la modi gani linapaswa kusubiri. Linalotangulia ni gemu lilifia wapi: kabla ya menyu kuu kutokea, wakati wa kupakia mchezo uliohifadhiwa, au mchezaji akiwa tayari anatembea nyikani. Kila hatua ina sababu zake, na aliyekwisha kuijua hatua huwa ameondoa sehemu kubwa ya washukiwa kabla hajagusa faili lolote.

Nazungumzia Special Edition, iliyotoka tarehe 28 Oktoba 2016, si Skyrim ya awali ya Novemba 2011. Ile ya kwanza ilikuwa programu ya biti 32 ambayo haikuweza kutumia zaidi ya gigabaiti 4 za kumbukumbu, kwa hiyo magonjwa yake mengi yalikuwa ya ufinyu. Special Edition ni ya biti 64, na ufinyu ule umekwisha, lakini yamekuja magonjwa mengine, na kubwa kuliko yote ni la matoleo kutopatana.

Hilo ndilo linaloua gemu mapema zaidi, pengine kabla ya nembo ya Bethesda, watengenezaji wa gemu, kuonekana. Modi nyingi kubwa hutegemea SKSE, programu inayoongeza uwezo wa skripti za gemu na kuruhusu faili za dll (vipande vya programu) kuingia ndani ya programu yenyewe inapokuwa inafanya kazi. Faili hizo hutafuta kazi fulani za gemu katika anwani maalumu za kumbukumbu. Bethesda wanapotoa toleo jipya la SkyrimSE.exe, anwani hizo huhama, na dll ya zamani inakuwa kama mgeni anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyeji wake walishahama. Ndivyo ilivyotokea tarehe 11 Novemba 2021 lilipokuja toleo la 1.6 pamoja na Anniversary Edition, na ndiyo sababu hadi leo wako wachezaji waliobaki kwenye toleo la 1.5.97 kwa makusudi. Toleo la 1.6.1130 lilifuata Desemba 2023, na la 1.6.1170 Januari 2024. Kila mara, waliokuwa wameiacha Steam, duka la gemu la mtandaoni, isasishe gemu yenyewe waliamka na kukuta orodha yao haifunguki.

Modi iitwayo Address Library imepunguza adha hii kwa kuwapa watengenezaji jedwali la anwani badala ya kuziandika moja kwa moja ndani ya dll, lakini jedwali lenyewe nalo lazima liwe la toleo lako. Kwa hiyo, gemu likifa kabla ya menyu, mimi huangalia namba tatu tu: toleo la SkyrimSE.exe, ambalo huonekana katika sifa za faili hilo kwenye Windows; toleo la SKSE linaloendana nalo, ambalo kwa 1.5.97 ni 2.0.20 na kwa 1.6.1170 ni 2.2.6, na tarehe ya kila dll iliyo ndani ya folda ya SKSE\Plugins. Dll moja ya zamani iliyoundwa kwa toleo jingine inaweza kuliangusha lote. Baada ya hapo nenda kwenye mipangilio ya Steam, chagua gemu lisasishwe pale tu linapofunguliwa kupitia Steam, kisha uwe unalifungua kwa skse64_loader.exe.

Likivuka nembo na kufa kabla menyu haijatokea, mara nyingi kuna plagini, yaani faili la modi linalobadilisha data za gemu, inayomtafuta mzazi wake na haimkuti. Plagini (faili la esp) inaweza kutengenezwa ikitegemea faili jingine, na hilo jingine lisipokuwepo gemu halitoi onyo lolote, linajifunga tu. Mod Organizer 2, programu ya kusimamia modi, huonyesha alama ya hatari kando ya plagini ya namna hiyo, na Vortex, ya kazi hiyohiyo, nayo huonya. Inashangaza ni wangapi huiona alama hiyo kila siku na kuipita. Wengine hukimbilia programu ya LOOT kana kwamba itawatafutia mzazi aliyepotea. LOOT hupanga tu mfuatano wa plagini kwa kanuni inazozijua na kusema kilichokosekana. Kukitafuta ni kazi yako, na LOOT haiwezi kuimaliza migogoro kati ya modi mbili zinazobadilisha kitu kilekile. Migogoro hiyo husomwa kwa programu ya xEdit, ambayo huipanga kila plagini inayobadilisha rekodi (maelezo ya kitu kimoja cha gemu) katika safu yake, na iliyo mwisho upande wa kulia ndiyo mshindi.

Sababu nyingine ya kifo cha hatua hii ilizaliwa na toleo la 1.6.1130. Plagini ndogo, zile zenye alama ya ESL, zilipanuliwa zikaweza kubeba rekodi mpya 4096 badala ya 2048, na zinazotumia nafasi hiyo mpya huandikwa namba 1.71 katika kichwa cha faili. Gemu la zamani halizielewi. Aliyebaki 1.5.97 au 1.6.640 na kupakua modi mpya anahitaji modi iitwayo Backported Extended ESL Support, vinginevyo atahangaika na modi nzima wakati kosa liko kwenye namba moja tu ya kichwa.

Gemu linalofunguka vizuri kisha likajifunga mchezaji akiwa safarini ndilo linalowachanganya watu, na hapo ndipo kubahatisha kunapaswa kukoma kabisa. Sakinisha Crash Logger, modi inayoandika ripoti gemu linapoanguka, uliangushe gemu tena kwa makusudi, kisha fungua folda ya SKSE iliyo ndani ya Documents\My Games\Skyrim Special Edition. Humo utakuta ripoti ya maandishi matupu yenye mamia ya mistari. Mstari wa juu karibu kila mara husema EXCEPTION_ACCESS_VIOLATION, maneno yanayomaanisha tu kwamba programu iligusa sehemu ya kumbukumbu isiyo yake, na hayana msaada wowote kwako. Yapite. Teremka hadi penye majina.

Nichukue ripoti moja niliyoombwa kuisoma, ya mchezaji ambaye gemu lake lilijifunga kila alipokaribia mazizi ya farasi nje ya Whiterun, mji wa ndani ya gemu. Yeye alikuwa na hakika kwamba kosa ni la modi ya farasi. Katika sehemu ya ripoti inayoitwa rejista kulikuwa na BSFadeNode, yaani umbo linaloonyeshwa kwenye skrini, na mistari michache chini yake jina la faili la nif, yaani faili la umbo, la mti wa msonobari. Chini zaidi kulikuwa na kitu chenye namba inayoanza na FE01A. Namba hizi zina tarakimu nane za mfumo wa kumi na sita, na mbili za kwanza hutaja nafasi ya plagini katika mfuatano wa upakiaji: 00 ni Skyrim.esm yenyewe, FF ni vitu vilivyozaliwa wakati wa kucheza, na FE ni chumba cha pamoja cha plagini ndogo, ambacho kinachukua hadi 4096, kila moja ikitambulishwa kwa tarakimu tatu zinazofuata. Kwa hiyo FE01A ni plagini ndogo iliyo katika nafasi ya 01A, na Mod Organizer 2 huonyesha namba hiyohiyo kwenye safu yake ya kulia. Ilikuwa modi ya miti, iliyochukuliwa moja kwa moja kutoka Skyrim ya mwaka 2011 bila maumbo yake kubadilishwa kuwa ya muundo wa Special Edition. Farasi hawakuhusika. Yale maumbo yalipitishwa kwenye programu ya Cathedral Assets Optimizer, inayoyabadilisha, na safari ikaendelea.

Si kila ripoti inasema wazi namna hiyo. Jina moja la faili likitokea mara moja ni dokezo tu. Likijirudia katika ripoti mbili au tatu za siku tofauti, hapo una kesi. Ndiyo maana mimi hupuuza ripoti ya kwanza isipokuwa iwe na ushahidi wa wazi mno.

Kuna aina ya kifo ambayo ripoti zake hazifanani hata kidogo: leo inataja mwamba, kesho vazi, keshokutwa nyumba. Hapo ninaacha kuzishuku modi na kuiangalia kumbukumbu. Windows humpa kila mwombaji kumbukumbu kwa ahadi, na jumla ya ahadi zote haiwezi kuzidi RAM ukijumlisha na faili la pagefile.sys, ambalo Windows hulitumia kwenye diski kama nyongeza ya RAM. Mtu mwenye RAM ya gigabaiti 16 aliyelizima faili hilo kwa kuamini kwamba linachosha diski yake anaweza kuona RAM bado ina nafasi, na bado gemu likanyimwa kumbukumbu na kufa. Ushauri uliozoeleka kwa wenye orodha nzito ni kuliwekea faili hilo kiwango cha chini cha megabaiti 20,000 hivi na cha juu cha 40,000, kwenye diski ya SSD. Wachezaji wa 1.5.97 walizoea kuona katika ripoti zao anwani SkyrimSE.exe+D6DDDA, na wengi waliongeza pagefile.sys ikatoweka, ingawa wakati mwingine chanzo kilikuwa teksicha (picha inayovalishwa umbo) iliyoharibika. Kuhusu teksicha za 4K, sioni haja ya kuvalisha vikombe na vijiko picha za ukubwa huo, lakini kila mtu na kadi yake ya picha.

Skrini ya kupakia isiyokwisha ni jambo jingine. Kwanza hakikisha kweli haikwishi, kwa sababu orodha nzito kwenye diski ya kuzunguka inaweza kukaa dakika kadhaa bila kosa lolote. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba kasi ya upakiaji imefungwa kwenye kasi ya fremu (idadi ya picha zinazochorwa kwa sekunde), kwa hiyo aliyeifunga gemu kwenye fremu 60 kwa sekunde anausubirisha upakiaji pia. Modi ya SSE Display Tweaks huweza kuondoa kikomo hicho wakati wa skrini ya kupakia pekee na kukirudisha ukiwa ndani. Kukirudisha ni muhimu, kwa kuwa fizikia ya gemu imejengwa juu ya fremu 60, na aliyewahi kuliona gari la wafungwa la kuelekea Helgen likirukaruka na kupinduka mwanzoni mwa mchezo anajua matokeo ya kuipuuza.

Likifa wakati wa kupakia mchezo uliohifadhiwa, jaribio langu la kwanza ni kutoupakia. Ukiwa kwenye menyu kuu, fungua konsoli (dirisha la kuandikia amri) kwa kitufe kilicho juu ya Tab, andika coc whiterunorigin, na gemu litakutupa ndani ya mji ukiwa mhusika asiye na historia. Ukiweza kutembea humo, modi zako kwa jumla ni nzima na tatizo limo ndani ya faili lililohifadhiwa. Ukishindwa, faili hilo halina hatia. Usijenge mchezo wa kweli juu ya mhusika huyo, ni wa majaribio tu.

Kabla ya kulitupa faili, kumbuka kwamba Skyrim yenyewe ina kasoro inayoifanya iseme faili limeharibika ilhali ni zima. SSE Engine Fixes hurekebisha hilo, lakini kwa muda mrefu modi hii imekuja katika sehemu mbili, na ya pili, yenye d3dx9_42.dll, huwekwa kwa mkono kando ya SkyrimSE.exe, si ndani ya folda ya Data. Walioweka sehemu moja tu ni wengi kuliko unavyodhani.

Uharibifu wa kweli nao upo. Umeme ukikatika gemu likiwa linaandika faili, faili hilo hubaki nusu, na hakuna cha kufanya isipokuwa kurudi kwenye la kabla yake, ndiyo maana kuhifadhi juu ya faili moja kila siku ni kujitakia. Lakini unaotokea mara nyingi zaidi ni wa taratibu, nao huletwa na kuondoa modi yenye skripti katikati ya mchezo. Skripti zilizokuwa zikifanya kazi huandikwa ndani ya faili lililohifadhiwa, na modi ikiondolewa hubaki humo zikiwa yatima. Programu ya ReSaver huziorodhesha na kuweza kuziondoa, na wapo wanaoisifu kama tiba. Mimi naitumia kusoma zaidi kuliko kufuta, kwa maana kufuta skripti hakurudishi thamani ambazo modi ilikwisha kuzibadilisha katika misheni na wahusika. Modi ya picha au ya maumbo matupu unaweza kuitoa wakati wowote. Yenye skripti, rudi kwenye faili lililohifadhiwa kabla hujaisakinisha, hata kama ni la ngazi kumi nyuma, au iache ikae hadi mhusika huyo amalize safari yake.