Dodoma hadi Msembe: siku sita za mawe, moto na pilipili

Tuliondoka Dodoma saa kumi na moja alfajiri, mwishoni mwa Mei, watu 14 na lori la tani 4, kwenda kujitolea Hifadhi ya Taifa Ruaha. Mwezi huo tuliuchagua kwa sababu ya kazi yenyewe. Mvua za huku katikati ya nchi huanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili. Ikifika Mei, njia zilizobomolewa na maji zimekauka kiasi cha kupitisha mawe, nyasi zimeanza kugeuka rangi huku mashina yake yakiwa bado mabichi, na mpunga wa Idodi na Pawaga ungali shambani, tembo wakiujua fika. Anayetaka kujitolea Hifadhi ya Taifa Ruaha aulize kwanza mwezi, kisha ndipo aulize kazi.

Barua ya maombi ilitangulia wiki sita kabla yetu. Ndani ya hifadhi hamgusi hata jiwe bila kibali na bila askari wa wanyamapori kuwa nanyi. Kwenye lori tulipakia fyekeo 20, reki 10, koleo, bomba nne za mgongoni za lita 16, waya wa mabati, kamba ya mkonge, madumu mawili ya lita 20 ya oili chafu kutoka gereji za mjini, na pilipili kavu kilo 8. Kila mtu alitakiwa awe na buti za ngozi na nguo za pamba nzito, kwa kuwa polista ikipata moto huyeyuka na kuganda mwilini. Nguo nyeusi na za bluu zilibaki nyumbani. Mbung'o wa Ruaha huzifuata rangi hizo, na wakishakuzonga huwezi kushika kazi yoyote.

Kutoka Dodoma hadi Iringa ni kilomita kama 260 za lami. Mibuyu ya Ugogoni inakusindikiza mpaka bwawa la Mtera, mahali ambapo kila gari husimama kwa ajili ya perege. Sisi tulisimama pia kutazama maji. Yanayoingia hapa yanatoka Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kisigo; yanazungusha mitambo ya megawati 80 hapo Mtera, kisha yanateremka hadi Kidatu kuzungusha mingine ya megawati 204. Mto tuliokuwa tunaufuata hifadhini ndio huohuo unaowasha taa Dodoma. Baada ya Migori na Izazi inakuja milima ya Nyang'oro, kona juu ya kona, na dereva wetu aliipanda kwa gia ya pili mwanzo hadi mwisho. Tulilala Iringa, kwenye baridi yake.

Kesho yake tulipita Kalenga tukashika njia ya Idodi na Tungamalenga. Msembe, makao makuu ya hifadhi, ipo kilomita kama 130 kutoka Iringa, na kabla ya kufika unavuka Ruaha Mkuu kwenye daraja la Ibuguziwa. Mwezi huo mto bado unatembea. Tangu 1993 umekuwa ukikatika ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, kwa sababu maji ya bonde la Usangu yanachepushwa kwenda kwenye mashamba ya umwagiliaji, na ardhi oevu ya Ihefu, ambayo ndiyo inayoyahifadhi na kuyaachia polepole, imebanwa na kilimo na mifugo. Mwaka 2008 Usangu iliingizwa hifadhini, na eneo lote likapita kilomita za mraba 20,000. Hata hivyo, ikifika Oktoba viboko hurundikana kwenye madimbwi machache, na tembo huchimba mchanga wa mto Mwagusi wapate maji.

Kazi ya kwanza ilikuwa kivuko kwenye korongo ambacho mafuriko yalikuwa yamekikata ukingo. Tulikijenga kwa gabioni, yaani kikapu cha waya chenye urefu wa mita 2, upana mita 1 na kimo mita 1. Kikapu kimoja kinameza mita za ujazo 2, karibu tani 3 za mawe, kwa hiyo mawe yaletwe na tipa. Watu kazi yao ni kupanga. Wageni wengi hukosea kwa kudhani ni kujaza tu. Jiwe liwe la sentimita 10 hadi 20, kubwa kuliko tundu la waya, na lenye pembe. Mawe ya mviringo ya mtoni yanateleza, na kikapu kinavimba tumbo. Upande unaoonekana unapangwa kwa mkono kama ukuta. Mawe yakifika theluthi ya kimo, funga waya kutoka uso wa mbele hadi wa nyuma. Yakifika theluthi mbili, funga tena. Vikapu viunganishwe vikiwa vitupu. Juu zidisha sentimita 3 hadi 5, kwa sababu mawe yatashuka.

Kilichoangusha ukingo wa zamani kilionekana wazi tulipochimba: ulikaa juu ya mchanga mtupu. Maji yalichimba chini ya mguu wake wa mbele, ukalala kifudifudi. Safari hii tulishuka hadi tabaka gumu, tukatandika mbele yake godoro la mawe la unene wa sentimita 30. Nyuma uliwekwa mkeka wa kuchuja ili udongo usinyonywe kupitia mawe. Vikapu vitatu vilituchukua siku moja na nusu.

Kisha moto. Watu wanashangaa kusikia kwamba hifadhi inajichoma yenyewe. Moto wa Mei na Juni unapita chini na taratibu, unakula nyasi zilizokauka na kuruka zilizo mbichi, unaacha mabaka mabaka. Wa Septemba na Oktoba unakuta kila kitu kikavu na upepo mkali. Unaua miche, unapanda mitini, na kuwaacha wanyama bila malisho hadi mvua inyeshe. Unaowahi ndio unaoukatia njia huo wa baadaye. Lakini si kila mahali panachomwa. Misitu ya kando ya mto inaachwa kabisa, na mhifadhi ndiye anayeonyesha mipaka.

Barabara ya moto, yaani ukanda wa kuuzuia moto usivuke, tuliitengeneza hivi: mikanda miwili iliyofyekwa na kukwanguliwa hadi udongo, kila mmoja upana wa mita 2, na katikati yake mita 6 za nyasi. Nyasi zilizofyekwa zinarushwa ndani, kwenye hizo mita 6, kamwe zisirundikwe upande unaoulinda. Saa kumi jioni, joto linaposhuka na upepo kutulia, askari walianza kuwasha kwa kopo lenye mdomo mrefu linalodondosha dizeli iliyochanganywa na petroli, tatu kwa moja. Waliwasha upande ambao upepo unaelekea, ili moto urudi nyuma ukipingana nao. Ni wa polepole na unafuatika kwa miguu. Sisi tulisimama nje ya mkanda, mtu kila hatua 20, na vipigio vya mpira mikononi. Kipigio hakipigwi kama unapura maharage. Ukikipiga kwa nguvu unatawanya cheche. Unakilaza juu ya moto, unakandamiza, unakiburuta kurudi kwenye majivu. Mambo yakiharibika, kimbilio ni eneo lililokwisha kuungua. Usikimbie mbele ya moto kwenye nyasi.

Hatari halisi ilijitokeza baada ya moto kuzimika. Bonge moja la kinyesi cha tembo, kavu, lilikuwa karibu na ukingo. Juu lilikuwa la kijivu, limepoa kwa macho. Askari alilivunja kwa ncha ya fimbo, ndani likawa jekundu kama kaa la mkaa. Kinyesi hicho ni nyuzi za nyasi zilizoshikana, na moto unaweza kulala ndani yake hata siku mbili, upepo ukauamsha. Magogo yaliyooza nayo ni hivyohivyo. Tulitembea kando ya mkanda wote, tukapasua kila bonge na kila gogo ndani ya mita 20, tukamwagia maji, na kusogeza mgongo wa kiganja karibu kuhisi joto. Asubuhi tulirudia. Mabonge mawili yalikuwa bado na moto.

Siku mbili za mwisho zilikuwa za kijijini, nje ya hifadhi, kwenye mashamba ya mpunga na bustani za vitunguu. "Kamwene," tulimsalimu mama mwenye shamba. Akaitika, akatupeleka moja kwa moja kwenye nyayo za tembo. "Wanangu, hapa walipita juzi," alisema. "Wakishaonja, wanarudi."

Kazi ilikuwa kuzungushia shamba uzio wa kamba zilizopakwa pilipili, tembo wasiingie. Ekari moja ya mraba ina mzunguko wa mita kama 255. Kamba mbili zinahitaji mita 510, ongeza za kufungia. Nguzo za mita 2 na nusu zilichimbiwa kila baada ya hatua 10. Pilipili isagwe nje, ukiupa upepo mgongo, ukiwa na glavu, miwani na kitambaa puani. Kwa lita 10 za oili tuliweka kilo 2. Mchanganyiko unapakwa kwenye kamba na kwenye vipande vya kitambaa cha pamba vinavyoning'inia. Oili inashika pilipili mvua isiioshe upesi. Ni sumu kwa maji, kwa hiyo ndoo zilikaa mbali na mfereji, na mabaki yote tuliyarudisha kwenye dumu.

Uzio huu hushindwa kwa sababu zinazojulikana: kamba imelegea, jirani ameacha pengo, au harufu imekwisha na hakuna aliyepaka tena. Ukitegemewa peke yake tembo huuzoea. Unahitaji lindo la usiku, tochi kali na honi, na watu watatu wanaojua zamu zao. Kwa maoni yangu ungesimikwa Februari, mimea ikiwa michanga, kuliko Mei tembo wakiwa wamekwisha kuonja.

Jioni tuliwakabidhi wakulima brashi, ndoo na pilipili iliyobaki, tukahesabu pamoja wiki tatu hadi siku ya kupaka upya. Hifadhini tuliacha bomba zote nne za mgongoni. Mhifadhi aliomba watu wachache warudi mapema Oktoba, kuhesabu viboko madimbwini na kutoa taarifa za mizoga. Masharti aliyatoa palepale: mzoga usiguswe wala kupasuliwa, kwa kuwa vimelea vya kimeta vikipata hewa hujenga mbegu zinazokaa udongoni miaka mingi. Andika mahali, simama upande upepo unakotoka, mwite daktari wa mifugo. Watu sita wanatosha, alisema, na waje na maji yao ya kunywa.