Nilivyoipunguzia ffmpeg prosesa bila kuizima

Nina steshenari. Naprinti, natoa kopi, naskani, na pembeni napunguza ukubwa wa video za harusi ziingie kwenye flashi za wateja. Yote hayo yanafanyika kwenye laptopu moja ya kori nne inayotumia Linux. Video nazichakata kwa ffmpeg, na ffmpeg haina haya: ukiiachia kori nne, inazila zote nne. Kwenye top, amri inayoonyesha kila programu inakula prosesa kiasi gani, inasoma karibu 400%, maana huko kori moja ndiyo 100%. Mteja akileta barua ya maombi ya kazi, LibreOffice inafunguka kwa madaha huku feni ikivuma. Mama mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwanangu, hiyo mashine haitalipuka kweli?"

Kuizima sikutaka. Faili la mp4 ambalo halijafika mwisho kwa kawaida halichezi, kwa hiyo ukikata katikati kazi yote imepotea.

Dawa ya kwanza utakayoambiwa na kila mtu ni hii (4127 ni PID ya ffmpeg, yaani namba ya utambulisho ya programu inayoendeshwa; ipate kwa pgrep ffmpeg):

renice -n 19 -p 4127

19 hapo ni kiwango kinachoitwa nice. Namba zinatoka -20 hadi 19, na kadiri inavyopanda ndivyo programu inavyozidi kuwa na adabu. LibreOffice ilipata nafuu kidogo. Feni haikunyamaza, na joto lilibaki juu ya nyuzi 90. Haishangazi, kwa sababu nice inapanga foleni tu: kama foleni haina mtu mwingine, hata wa mwisho anahudumiwa muda wote. Kama shida yako ni programu kugombania prosesa, ishia hapo. Yangu ilikuwa joto, nikahitaji kikomo hasa.

Nikajaribu cpulimit:

cpulimit -p 4127 -l 150

150 ni kori moja na nusu. Njia yake ni ya kibabe: inaitumia programu ishara ya SIGSTOP, programu inaganda, kisha SIGCONT, inaendelea, na mchezo huo unarudiwa tena na tena ndani ya sekunde. Inafanya kazi, ila cpulimit yenyewe lazima ibaki hai. Ukiiua kwa kill -9 wakati ffmpeg imegandishwa, ffmpeg itakaa hivyo hivyo mpaka uiamshe kwa kill -CONT. Kwa video inatosha. Kwa programu inayohudumia watu mtandaoni mimi nisingeitumia.

Ninachotumia sasa ni cgroup, yaani kundi la programu linalowekewa kikomo, ambapo keneli (kiini cha Linux) yenyewe ndiyo inayohesabu. Kikomo cha aina hii kimo kwenye Linux tangu toleo la 3.2 la mwaka 2012. Amri hizi ni za cgroup ya toleo la pili, na unaziandika ukiwa root, yaani msimamizi mkuu wa mashine:

mkdir /sys/fs/cgroup/polepole
echo "150000 100000" > /sys/fs/cgroup/polepole/cpu.max
echo 4127 > /sys/fs/cgroup/polepole/cgroup.procs

Namba ni za mikrosekunde. Kila kipindi cha 100,000, yaani sehemu ya kumi ya sekunde, kundi zima lina ruhusa ya kutumia 150,000, kori zote zikijumlishwa. Zikiisha, linasubiri kipindi kijacho. Ukikuta cpu.max haipo, andika +cpu kwenye /sys/fs/cgroup/cgroup.subtree_control kwanza.

ffmpeg ilihamia humo na nyuzi zake zote (threads, vijisehemu vyake vinavyofanya kazi sambamba), bila kuanza upya. Programu iliyokwisha kuzaa watoto, yaani kuanzisha programu nyingine, ina usumbufu zaidi: kila mtoto lazima umwandikie PID yake. Fungua cpu.stat ndani ya folda ya polepole utaona nr_throttled, idadi ya mara kundi lilizuiwa, ikipanda. Ndipo unapojua kikomo kinabana kweli.

Feni ilitulia baada ya muda mfupi. Bei yake niliiona kwenye mstari wa ffmpeg: speed ilikuwa 2.1x, ikashuka chini ya 1x, kwa hiyo video ya saa moja inachukua zaidi ya saa moja. Mchana sijali. Jioni nikifunga duka naandika "max 100000" kwenye cpu.max, na inarudi mbio bila kuguswa.

Kazi mpya naianzisha ikiwa na kikomo tayari:

sudo systemd-run --scope -p CPUQuota=150% ffmpeg -i harusi.mov harusi.mp4

Faili litakalotoka litakuwa la root, kwa hiyo litahitaji chown, amri ya kubadilisha mmiliki wa faili.

Kuna wanaopendekeza ulimit -t. Hiyo ni habari nyingine kabisa: inahesabu jumla ya sekunde za prosesa tangu programu ianze, zikitimia inaiua. Ukiiwekea ffmpeg, asubuhi utakuta nusu harusi.