Kafi lako limekataa: utani wa wapiga makafi na kasoro unayoitaja

Ukifika ufukweni na kafi ulilochonga mwenyewe, wenzako watalipa jina kabla hujashuka mtumbwini. Lisikilize jina hilo kwa makini. Wapiga makafi hawatanii ovyo. Utani wao huangukia pale pale penye kasoro, na ni ukaguzi wa bure kutoka kwa watu wenye macho.

Utani ninaoupenda kuliko wote ni huu: “Mbona kafi lako linatikisa kichwa? Umeliuliza nini?” Unasemwa bapa, ile sehemu pana inayoshika maji, linapoyumba kulia na kushoto likivutwa majini. Maji yanayopita kandokando ya bapa huachia kwa zamu, mara ukingo huu, mara ule, na kila yanapoachia bapa linasukumwa upande. Kafi lililochongwa vizuri nalo hutetemeka kidogo likivutwa kwa nguvu, lakini likitikisika hata kwa mvuto wa polepole, basi nyuso mbili hazilingani, kingo ni nene na butu, au uti, yaani mwinuko wa katikati, umekatika ghafla badala ya kuzama taratibu ndani ya bapa.

Dawa huanza kabla ya randa kugusa mbao. Chora mstari wa katikati kuuzunguka ukingo wote wa bapa, kisha mistari miwili, mmoja kila upande, yenye nafasi ya milimita 5 kati yake, isipokuwa nchani. Ukiranda uso mmoja, geuza urande wa pili kwa kiasi kile kile. Usimalize uso mmoja kwanza ukidhani wa pili utaufuata; hapo ndipo wengi huharibu. Pima unene kwa kaliperi kila sentimita 5, kulia na kushoto ya uti, na tofauti ikizidi milimita 1 rudi kwenye msasa. Kafi lililokwisha kupakwa vanishi nalo huponyeka: kwangua, sawazisha, paka upya.

“Kijiti cha aiskrimu” ni bapa lenye unene mmoja kote, bila uti. Huwa zito mbele na huingia majini kwa kishindo. Uti uanze kooni, pale mpini unapokutana na bapa, ukiwa na unene wa mpini, ushuke hadi kupotelea karibu na katikati ya bapa. Nchani bakiza milimita 8, maana ncha ndiyo inayogonga mawe.

Ukiitiwa “sepetu”, umepanua bapa kupita kiasi. Upana wa sentimita 25 unashika maji mengi, na mabega ndiyo yanayolipa. Sentimita 20 kwa 50 zinatosha kwa kazi nyingi. Kwa maji ya kina, 15 kwa 70 hukupa eneo linalokaribiana na hilo na huingia kimya zaidi, ila kwenye maji haba bapa refu namna hiyo litakwaruza chini.

“Mlingoti” ni urefu. Kosa ni kupima kafi zima ukiwa umesimama. Kaa wima kwenye benchi, simamisha kishikio, yaani mwisho wa juu wa mpini, kati ya mapaja yako, bapa likiwa juu: koo la kafi lifike kati ya kidevu na pua. Urefu wa bapa hauhesabiwi hapa, kwa sababu lote linazama.

“Rungu” hutokana na mpini mnene. Anza na mraba wa milimita 30, weka alama milimita 9 kutoka kila kona, ondoa kona upate pande 8, kisha 16, ndipo uviringishe. Anayeruka hatua ya pande 8 hupata mpini wenye matuta.

Halafu kuna “kuni”, na jina hili ni la haki kwa kafi lililovunjika kooni. Nyuzi za mbao zikikatiza mpini kwa mshazari, au fundo likikaa kooni, patavunjika tu. Chagua ubao wenye nyuzi zinazokwenda moja kwa moja. Ukikosa ubao mpana wa namna hiyo, chukua fito moja safi ya sentimita 3 na ugundishe mabawa ya sentimita 8.5 kila upande wa bapa. Jumla ni 20. Gundi iwe isiyoyeyuka majini, na vibano vikae usiku kucha.

Bapa na mpini vipakwe vanishi mara tatu, kila tabaka likwanguliwe kidogo kwa msasa laini kabla ya linalofuata. Kishikio kiache kipate mafuta ya kitani tu, kwani vanishi pale huleta malengelenge viganjani. Matambara yenye mafuta hayo yatandaze nje moja moja hadi yakauke: yakirundikwa hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto.