Gari limekuwa jepesi, au ni kelele tu? Namna ya kupima filta ya wazi kwenye IST

Ukitoa boksi la filta ya hewa la Toyota IST na kufunga filta ya wazi, ile yenye umbo la pia, kitu cha kwanza kubadilika ni sauti. Ukikanyaga mafuta injini inanguruma kupitia mdomo wa filta, na mwili unaamini kwamba gari limeanza kuchanganya kuliko jana. Mwili haufai kupima jambo hili. Kwenye injini ya 1NZ-FE ya 1,497 cc isiyo na turbo, filta ya kiwandani iliyo safi haiizibii injini kiasi kikubwa, kwa hiyo faida ya kuiondoa, kama ipo, ni ya asilimia chache. Kama gari linatumia sekunde 6 kutoka kilomita 60 hadi 100 kwa saa, asilimia 2 yake ni sekunde 0.12. Hakuna dereva anayeihisi hiyo, lakini inapimika, mradi upime kwa utaratibu.

Kuna kosa linalofanyika kabla hata ya kuwasha gari: kulinganisha filta mpya ya wazi na filta ya zamani iliyojaa vumbi la barabara ya changarawe. Mwaka 2009 Oak Ridge National Laboratory ya Marekani ilipima athari ya filta chafu. Kwenye magari ya kisasa yenye kompyuta, uchafu haukubadilisha ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana, lakini muda wa kuchanganya uliboreka kwa takriban asilimia 6 hadi 11 filta iliyoziba ilipobadilishwa. Maana yake, filta mpya ya kawaida ya karatasi peke yake inaweza kukupa mabadiliko makubwa kuliko kitu chochote unachotaka kukipima. Nunua kwanza filta mpya ya kawaida, ifunge, hiyo ndiyo hali yako ya kuanzia. Plagi, mafuta ya injini na kusafisha throto (mlango unaoruhusu hewa kuingia kwenye injini) pia vifanyike kabla, kamwe si siku moja na filta.

Sasa, upime nini? Achana na 0 hadi 100. Kuondoka kutoka kusimama kunachanganya mambo mengi yasiyohusu filta: tairi kuteleza, klachi au konveta (inayoshika nafasi ya klachi kwenye otomatiki), namna mguu ulivyoshuka, gia kubadilika mapema au kwa kuchelewa. Pima dirisha moja, yaani kutoka mwendo fulani hadi mwingine, ndani ya gia moja. Kwa IST ya otomatiki yenye gia nne, weka mkono wa gia kwenye "2" na upime muda wa kutoka kilomita 60 hadi 100 kwa saa. Ukianza kukanyaga ukiwa chini sana, gia itarudi kwenye namba moja, kisha itapanda katikati ya kipimo na kukuharibia namba. Tembea kwa 55, kanyaga mafuta mpaka mwisho kwa mara moja, na acha saa ianze yenyewe linapopita 60. Sehemu hiyo ya mwanzo inaipa injini nafasi ya kutulia kwenye mzigo kamili. Kwa gari la gia za mkono, gia ya tatu inafaa. Gari la CVT (otomatiki inayobadilisha uwiano bila hatua za gia) halina gia ya kufunga, kwa hiyo kasi ya mizunguko ya injini haikuambii lolote. Tumia mwendo wa GPS peke yake, na tarajia namba zilizotawanyika zaidi.

Usipime kwa kuangalia dashibodi. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39 inaruhusu mshale wa mwendo uonyeshe zaidi ya mwendo halisi kwa asilimia 10 na kilomita 4 juu yake, na jicho nalo linachelewa. Kifaa cha bei nafuu cha ELM327 kinachochomekwa kwenye soketi ya OBD (ile ya fundi kusomea kompyuta ya gari) kinasoma mwendo kutoka kwenye kompyuta, ila namba hiyo huja bila desimali, na kwenye gari la umri huu unaweza kupata usomaji mara chache tu kwa sekunde. IST inayopita dirisha hili kwa sekunde 6 inaongeza karibu kilomita 6.7 kwa saa kila sekunde, kwa hiyo hatua moja ya kilomita 1 ni sekunde 0.15. Tayari kosa la kifaa limezidi kile unachokitafuta. GPS ya simu nyingi husoma mara 1 kwa sekunde, nayo haitoshi. Kinachofaa ni kipokezi cha GPS cha kujitegemea kinachosoma mara 10 au 25 kwa sekunde, vile wanavyotumia watu wa mbio. Kama huna, ELM327 bado inasaidia ukirudia mara nyingi, na ukakadiria muda wa kuvuka 60 na 100 kwa kuchora mstari kati ya nukta badala ya kuchukua nukta ya karibu. Usiitupe hata ukiwa na GPS nzuri, maana ndiyo itakayokuonyesha joto la hewa inayoingia kwenye injini.

Barabara inadanganya kuliko vifaa vyote. Mteremko wa mita 1 kwa kila mita 100 hauonekani kwa macho. Ukiwa ndani ya gari utaapa kwamba lami imenyooka. Lakini mteremko huo unaongeza au kupunguza mchapuko (kiasi mwendo unavyoongezeka kila sekunde) kwa mita 0.098 kwa sekunde kwa sekunde. IST yetu ya sekunde 6 ina mchapuko wa wastani wa 1.85, kwa hiyo mteremko huo ni zaidi ya asilimia 5. Ikishuka itatumia sekunde 5.70, ikipanda 6.33. Ndiyo maana mbio moja si kipimo. Kipimo ni jozi: kwenda na kurudi kwenye kipande kilekile, ukianzia alama zilezile. Kila mbio inakula takriban mita 135 ndani ya dirisha, mbali na mita za kuchukua mwendo na za kusimama, hivyo tafuta angalau mita 600 zilizonyooka. Kupata namba ya jozi, usijumlishe na kugawa kwa mbili. Gawanya 2 kwa jumla ya (1 ÷ muda wa kwenda) na (1 ÷ muda wa kurudi). Kwa mfano huo inatoka 6.00, wakati wastani wa kawaida ungetoa 6.02.

Upepo wa kilomita 10 kwa saa ukiwa unakwenda 80 unaongeza ukinzani wa hewa kwa asilimia 27 ukiwa usoni na kuupunguza kwa asilimia 23 ukiwa mgongoni, kwa hiyo jozi inafuta sehemu kubwa. Isichoweza kufuta ni upepo wa vishindo. Miti ikianza kuyumba, funga kazi uje siku nyingine.

Halafu kuna hewa yenyewe, na hapa ndipo majaribio mengi hufia. Injini isiyo na turbo inavuta ujazo uleule kila mzunguko. Hewa ikiwa ya moto inakuwa nyepesi, na oksijeni inapungua. Kutoka nyuzi 20 hadi 30 za Selsiasi hewa inapoteza karibu asilimia 3.3 ya uzito wake. Mtu akipima filta ya zamani saa nane mchana, akafunga mpya, kisha akapima tena alfajiri ya kesho yake, amepima jua. Mwinuko nao ni mkubwa zaidi: kwenye mita 1,400, kimo cha Arusha, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 13 kuliko usawa wa bahari, kwa hiyo namba ya Arusha na namba ya Dar es Salaam haziwekwi meza moja.

Uzito ni rahisi kuudhibiti na bado watu wanausahau. Abiria wa kilo 70 kwenye gari la kilo 1,100 ni zaidi ya asilimia 6. Lita 40 za petroli ni kama kilo 30. Watu walewale, mizigo ileile, na mafuta ya tenki moja kutoka kituo kimoja, yasijazwe katikati ya kazi.

Siku ya kupima inakwenda hivi. Endesha kilomita 15 au 20 ili injini, mafuta ya gia na tairi vipate joto. Pima upepo wa tairi zote zikiwa za moto na uandike. Zima kiyoyozi, funga vioo, taa ziwe katika hali moja muda wote. Kabla ya kila mbio tembea kwa mwendo wa wastani mpaka joto la hewa inayoingia lirudi ndani ya nyuzi 2 za lile la mbio iliyopita. Gari likisimama dakika tatu injini ikiunguruma, joto chini ya boneti linapanda na mbio inayofuata inatoka mbovu. Kanyaga mafuta mpaka chini kabisa, si karibu na chini. Piga jozi 5. Badilisha filta papo hapo, pembeni ya barabara, hivyo nenda na bisibisi na soketi ya 10 mfukoni. Kama utachomoa betri, ichomoe katika kila badiliko au usiichomoe kabisa, kwa sababu kompyuta ikipoteza ilichojifunza gari hubadilika tabia kwa muda. Jozi 5 tena. Kisha rudisha filta ya kwanza upige jozi 5 za tatu. Watu wengi wanaikwepa hatua hii ya mwisho kwa kuchoka, na bila hiyo hujapima kitu.

Tuone kwa namba za mfano. Filta ya kiwandani inatoa jozi 6.02, 5.95, 6.10, 5.98 na 6.05, wastani ni 6.02. Filta ya wazi inatoa 5.90, 5.99, 5.85, 5.94 na 5.97, wastani ni 5.93. Tofauti ni 0.09, yaani asilimia 1.5. Je, ni ya kweli au ni mtawanyiko wa kawaida? Kwenye Excel tumia STDEV, fomula inayopima mtawanyiko, kwa kila kundi: inatoka karibu 0.059 na 0.056. Gawanya kila moja kwa kipeuo cha pili cha 5, utapata 0.026 na 0.025. Zizidishe kila moja kwa yenyewe, jumlisha, chukua kipeuo cha pili: 0.036. Kwa makundi madogo ya watano, tofauti ianze kuaminika ikizidi mara 2.3 ya namba hiyo, ambayo ni 0.083. Yetu ya 0.09 imepita, ingawa kwa nywele tu.

Wengi wangeishia hapo na kutangaza ushindi. Sasa filta ya kiwandani inarudishwa, na wastani unatoka 5.94. Gari limebaki lepesi bila filta ya wazi! Kazi ilianza saa kumi jioni kukiwa na nyuzi 31, ikaisha saa kumi na mbili kukiwa na 27. Nyuzi 4 zimeongeza uzito wa hewa kwa asilimia 1.3, na kutoka 6.02 hadi 5.94 ni asilimia 1.3 hiyohiyo. Karibu nusu ya ile faida ni jioni iliyoingia. Filta ya wazi ilinganishwe na wastani wa makundi mawili yaliyoizunguka, ambao ni 5.98, na tofauti inabaki 0.05. Hiyo iko ndani ya mtawanyiko. Jibu la haki ni kwamba kipimo hiki hakijaonyesha faida.

Filta ya wazi inaweza hata kukurudisha nyuma, na ELM327 itakuonyesha sababu. Angalia joto la hewa inayoingia. Filta iliyokaa wazi nyuma ya rejeta inavuta hewa iliyokwisha kuchemka, na kila nyuzi 10 juu ya zile za boksi la kiwandani ni zaidi ya asilimia 3 zimepotea. Angalia pia marekebisho ya muda mrefu ya mafuta, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta ili mchanganyiko ukae sawa. Toyota nyingi za aina hii zina sensa ya waya wa moto inayopima hewa, na kompyuta inaifasiri ikijua kipenyo cha bomba la kiwandani. Ukiihamishia kwenye bomba lenye kipenyo kingine, au hewa ikipita kwa msukosuko, inasoma uongo. Marekebisho yakihama kutoka karibu na sifuri hadi juu ya asilimia 10, au taa ya injini ikawaka kwa msimbo wa hitilafu P0171, mchanganyiko una mafuta machache kuliko yanayohitajika kwa hewa iliyopo, na kukanyaga mpaka mwisho katika hali hiyo ni kuitesa injini. Filta za kitambaa zinazopakwa mafuta zina tatizo jingine: zikipakwa kupita kiasi, mafuta yanakwenda kuganda kwenye waya wa sensa. Dawa ni kopo la kisafishio maalumu cha sensa hiyo, siyo kisafishio cha breki, wala kuifuta kwa kidole.

Utaratibu huuhuu unafaa kwa ekzosi, kwa kuondoa masega yanayosafisha moshi kwenye ekzosi (jambo nisilolishauri, kwa ajili ya mapafu ya watu), na kwa plagi za iridiamu. Vitu viwili vinahitaji tahadhari zaidi. Ukibadilisha ukubwa wa tairi, mwendo unaosomwa na kompyuta unabadilika pamoja nao: tairi ndogo italifanya gari lionekane limefika 100 mapema kwenye OBD wakati halijafika, kwa hiyo hapo GPS ni lazima. Na vile visanduku vinavyofungwa kwenye waya wa pedali hubadilisha tu kiasi cha throto kinachofunguka kwa kila sentimita ya mguu. Kwa nusu ya pedali gari linaruka; pedali ikiwa chini kabisa, throto ilikuwa tayari imefunguka yote hata kabla ya kisanduku. Kipime kwa jozi 5 za kukanyaga mpaka mwisho, kikiwa kimewashwa na kikiwa kimezimwa.