Ninavyohakikisha kadi ya grafiki inakubaliana na ubao mama

Swali la "itaingia?" ndilo jepesi kuliko yote. Kadi za kisasa karibu zote hutumia sloti ndefu ya PCIe x16 (PCIe ni kiungo cha data kati ya kadi na ubao, x16 ni njia 16 za kupitisha data), na vizazi vyake huchukuliana: kadi ya 4.0 hufanya kazi kwenye ubao wa 3.0, ila kwa kasi ya 3.0. Kazi iko kwingine.

Mimi huanza na jina kamili la ubao. Kwenye Windows nafungua msinfo32 na kusoma mstari wa BaseBoard Product. Kwenye Linux natumia sudo dmidecode -t baseboard. Kisha natafuta mwongozo wa ubao huohuo na kuangalia kila sloti imeungwa njia ngapi. Hapa wengi hukosea: sloti mbili hufanana urefu, kumbe ya chini ina njia 4 tu. Mimi huiweka kadi kwenye sloti ya juu, karibu na prosesa.

Baada ya hapo naangalia njia za kadi yenyewe. RTX 4060 hutumia 8, RX 6500 XT hutumia 4 tu. Njia 4 za PCIe 3.0 hupitisha takriban GB 4 kwa sekunde, nusu ya zile za 4.0. Memori ya kadi ikijaa, data hulazimika kupita humo na mchezo huanza kukwamakwama. Kwa ubao wa 3.0 siipendekezi RX 6500 XT.

Umeme nauhesabu hivi: sloti hutoa wati 75, plagi ya pini 6 wati 75, ya pini 8 wati 150. Plagi ya prosesa nayo ina pini 8, lakini volti 12 na ardhi zimepangwa kinyume. Ikigoma kuingia, usiilazimishe kamwe. Urefu wa kadi na unene wake napima kwa rula ndani ya kasha, maana kadi nene hufunika sloti ya jirani.

BIOS, programu ya ubao inayoiwasha kompyuta, ndiyo hunipa kazi zaidi kwenye ubao wa zamani. Baadhi ya kadi mpya haziwashi skrini bila UEFI (aina mpya ya BIOS), na kadi za Intel Arc hupoteza kasi nyingi bila Resizable BAR, inayomwezesha prosesa kufikia memori yote ya kadi kwa mara moja. Ili kuiwasha Resizable BAR, ndani ya BIOS nawasha Above 4G Decoding na kuzima CSM (hali ya kuiga BIOS ya zamani). Lakini kama diski ya Windows ni ya MBR (mpangilio wa zamani wa diski), ukizima CSM kompyuta haitawaka hadi Windows. Hivyo nahifadhi nakala ya data, naibadili diski kuwa GPT (mpangilio mpya) kwa mbr2gpt, zana ya Windows, ndipo nazima CSM.

Kadi ikishafungwa, waya wa skrini nauchomeka kwenye kadi, si kwenye ubao, kisha nafungua GPU-Z, programu ya kuonyesha taarifa za kadi. Ikionyesha x16 1.1 (njia 16 za kizazi cha 1.1) kadi ikiwa imetulia, hiyo ni kubana matumizi ya umeme tu; nabonyeza alama ya kuuliza iliyo pembeni, naendesha jaribio la grafiki na kusoma tena. Njia zikibaki pungufu ya zile za kadi na sloti, naichomoa kadi, nasafisha pini zake na kuikandamiza upya mpaka kifungio cha sloti kilie.