Deki ya mama na The Omega Factor

Aliyenishauri nisugue dividii kwa dawa ya meno sijamsamehe mpaka leo.

Nilipokuwa nasoma Edinburgh, bibi aliyenipangisha chumba aliniambia kuna tamthilia ya mji uleule iliyowahi kumkosesha usingizi. Jina kalisahau. Alichokumbuka ni mwandishi wa habari mwenye kuona yasiyoonekana, idara ya siri ya serikali, na Mary Whitehouse, yule mama aliyekuwa akiiandama BBC kwa maadili, kuilalamikia. Jina la huyo mlalamishi ndilo lililonifikisha: The Omega Factor, BBC Scotland, Juni hadi Agosti 1979. Sehemu 10 tu, haikurudi tena kwenye televisheni. James Hazeldine ndiye Tom Crane, yule mwandishi wa habari. Louise Jameson, aliyekuwa ametoka kuwa Leela kwenye tamthilia ya Doctor Who, ndiye Dokta Anne Reynolds wa Idara ya 7, ile idara ya siri.

Boksi la dividii, zile zilizotoka 2005, nililiokota duka la mitumba kwa pauni tatu au nne hivi. Kwa kuwa tasnifu ilikuwa imenikaba koo, nikasema nitaitazama Dar kwa raha zangu.

Raha gani! Deki yangu ya jina kubwa, ile ninayoringia wageni, ikaitema. Fundi wa mtaani akaitazama diski sekunde mbili: "Broo, chafu hiyo. Dawa ya meno, inasoma fasta." Nami, msomi wa shahada ya pili, nikakaa uani na mswaki nikaisugua kama sufuria ya pilau. Ilinukia vizuri sana. Haikusoma.

Kumbe dividii hufungwa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia. Uingereza ni kanda ya 2, Tanzania ya 5, na deki ya 5 haifungui diski ya 2 hata uipigie magoti. Kompyuta nayo hukuruhusu kubadili kanda mara 5, kisha inaganda hapohapo. Yangu nilishachezea zote, ikagandia kanda ya 1, ya Wamarekani. Msiguse hicho kitu kama hamna sababu.

Mpwa wangu ndiye aliyeuliza, "Mjomba, kwani deki ya bibi imekufa?" Deki ya mama ni Mchina wa Kariakoo, elfu thelathini na kitu, kifuniko kimefungwa kwa mpira wa kufungia noti. Nayo ikakataa, lakini hizi zina mlango wa nyuma: unatoa kisahani, unabonyeza namba za modeli yako kwenye rimoti, unatokea ukurasa uliofichwa, unaweka kanda 0, yaani isome diski za kanda zote. Kitufe cha 8 kilikuwa kimezama. Nikakichokoa kwa njiti ya kiberiti, pumzi nimeibana kama mwizi wa benki. Ikafunguka! Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia.

Tukatazama na mama, hajui Kiingereza, hakuniuliza hata neno. Tukafika sehemu ya 5, "Powers of Darkness", ileile iliyomchefua Mary Whitehouse. Wanafunzi wameanza kuita mizimu, picha ikakatakata, ikasimama. Diski niliyoipiga mswaki.

"Acha kuhangaika, mwanangu," mama akasema, anajivuta kwenye mkeka. "Huyo binti kapandwa. Mwisho wake naujua." Akanisimulia mpaka saa sita usiku, akamchomeka na shangazi yake wa Pangani.