Jina Lisilotajwa Kwenye Jalada

Mwaka 2019 mimi na mchoraji mwenzangu tulikamilisha kijitabu chetu: kisa cha kuchezwa mezani kwa dado, wasafiri wanateremka msituni hadi Ziwa Ngozi kumsaka nyoka wa hadithi. Kanuni tulizitoa kwenye mchezo wa Dungeons & Dragons, toleo la 5, zile ambazo Wizards of the Coast, kampuni yenye mchezo huo, waliziachia zitumike bure chini ya leseni yao ya wazi, OGL. Tukaenda steshenari Mwanjelwa, Mbeya, kutoa nakala. Faili likafunguka, na juu ya jalada, kwa herufi nyekundu, jina zima la mchezo.

"Kaka, hilo linatoka," nikamwambia.

"Linatokaje? Si umesema leseni ya wazi?"

Nikamsomea kifungu cha 7 kwenye simu, mama mwenye mashine ameshika kiuno. OGL, iliyoanza mwaka 2000, inakuruhusu kunakili kanuni, kuzibadili, hata kuziuza. Ila ukishaitumia, umekubali kutotaja alama ya biashara ya mtu kuonyesha kwamba kazi yako inaendana na bidhaa yake, mpaka uwe na mkataba mwingine na mwenye alama. Hapo ndipo paliponiudhi, na bado pananiudhi. Katika nchi nyingi sheria ya kawaida haimkatazi muuza vipuri kusema kweli kwamba kipuri chake kinaingia kwenye Toyota, ilimradi asijifanye Toyota. Leseni inayoitwa ya wazi ikakufunga mdomo hata kwa hilo. (Januari 2023, wachezaji walipokuja juu kwa sababu ya rasimu ya leseni mpya, kampuni iliziweka kanuni hizo chini ya Creative Commons na kuruhusu uandike kwamba kazi yako inaendana na toleo la 5. Leseni hiyo nayo haikupi haki ya alama ya biashara, lakini kile kifungu cha kukuziba mdomo haina.)

Jina likafutwa. Kisha tukafika kwenye picha ya Beholder, lile dubwana la jicho kubwa katikati na vijicho vingine juu ya mikonga kichwani. Mwenzangu alikuwa amelichora kwa penseli, kila kijicho na kope zake, kimoja kimelegea kama kina usingizi. Kwangu ilikuwa picha bora kuliko zote kitabuni.

"Na hili?"

"Na hilo. Limo kwenye orodha ya vitu walivyovizuia kwa majina."

Hakunijibu. Akavuta kiti, akaliondoa, pale pakabaki peupe mpaka tulipomkuza nyoka akajaza ukurasa.

Juu ya jalada tukaandika walivyokuwa wakiandika baadhi ya wachapishaji wa Marekani waliobanwa na kifungu hichohicho: kwa toleo la 5 la mchezo wa kuigiza wahusika ulio maarufu kuliko yote duniani. Mama akaisoma kwa sauti, akageuka.

"Mchezo gani huo?"

Tukatazamana. Mwenzangu, mtu wa Tukuyu kama yule mama, ndiye aliyeanza kucheka. "Shangazi, sisi hapa ni wakamwana. Jina la baba mkwe halitajwi."

Mama akacheka mpaka akashikilia mashine.

"Haya, wakamwana," akasema, akipakia karatasi, "nakala ngapi?"